Wasifu wa Charles Pedersen, Mgunduzi wa Molekuli za Taji

Charles John Pedersen alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1904 katika mji wa Busan, Korea. Baba yake alikuwa mhandisi wa meli kutoka Norway, na mama yake alikuwa Mjapani. Alipofikisha umri wa miaka 8 alipelekwa Japani kusoma, kwanza Nagasaki, kisha Yokohama.

Mwaka 1922 alikwenda Marekani, akasomea uhandisi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Dayton, Ohio. Baadaye alipata shahada ya uzamili katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts. Walimu wake walimtaka aendelee hadi uzamivu, lakini alikataa kwa sababu hakutaka kuendelea kumtegemea baba yake. Mwaka 1927 aliajiriwa na kampuni ya Du Pont, akafanya kazi hapo miaka 42.

Kazi yake kubwa ilihusu metali. Chembe chache za shaba zikiingia katika petroli au mpira, huviharibu haraka. Pedersen alitengeneza kemikali za kuzishika chembe hizo ili zisilete madhara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa anakaribia umri wa miaka 60, alikuwa akitengeneza kemikali nyingine ya kushika metali. Mojawapo ya malighafi zake haikuwa safi. Mwisho wa jaribio alipata, pamoja na alichokitaka, fuwele nyeupe kidogo sana, asilimia 0.4 tu. Wengi wangezimwaga pamoja na uchafu mwingine. Yeye alizichunguza. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko.

Aligundua kwamba fuwele hizo hazikuyeyuka vizuri katika methanoli, lakini alipoongeza chumvi ya sodiamu ziliyeyuka. Kwa nini? Baada ya kupima, alitambua kwamba kila molekuli ilikuwa pete ya atomu 18, yaani kaboni 12 na oksijeni 6, na kwamba ioni ya sodiamu ilikuwa imekaa katikati ya pete hiyo. Kwa kuwa pete iliikalia ioni kama taji kichwani, aliziita molekuli hizo etha taji.

Hapa ndipo penye kiini cha ugunduzi wake. Kila mwanafunzi anajua kwamba mafuta na maji havichangamani. Chumvi hupenda maji. Haiyeyuki katika kimiminika cha jamii ya mafuta, kama benzini. Lakini pete ya Pedersen ina sura mbili. Ndani, atomu za oksijeni huvuta ioni yenye chaji chanya na kuishika. Nje kuna kaboni na hidrojeni, ambazo hukimbia maji na kupenda mafuta. Ioni ikiingia ndani ya pete, huwa kama imevaa koti la mafuta, na ioni ya chaji hasi huifuata. Kwa njia hiyo, pamanganeti ya potasiamu, ambayo kwa kawaida haiyeyuki katika benzini, iliyeyuka na kuifanya benzini iwe ya zambarau.

Ukubwa nao ni muhimu. Pete ya atomu 18 huitosha vizuri potasiamu. Sodiamu, ambayo ni ndogo, hutoshwa zaidi na pete ya atomu 15.

Zipo pia pete zilizo kinyume cha hizi, nazo zilijulikana tangu karne ya 19. Hizo ni saiklodekstrini, zinazotengenezwa kwa wanga. Nje hupenda maji, ndani huyakimbia. Molekuli ya mafuta iliyomo majini huingia katika uwazi huo, na maji yaliyokuwamo hutoka. Ndiyo maana hutumika kuziyeyusha dawa zisizoyeyuka katika maji. Katika aina zote mbili, pete huitwa mwenyeji, na kinachoingia huitwa mgeni.

Pedersen alichapisha matokeo yake mwaka 1967, akastaafu mwaka 1969. Wanasayansi wengine walijenga juu ya msingi wake, hasa Donald Cram wa Marekani na Jean-Marie Lehn wa Ufaransa. Mwaka 1987 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Pedersen alikuwa na umri wa miaka 83, na hakuwahi kupata shahada ya uzamivu. Alifariki tarehe 26 Oktoba 1989 huko Salem, New Jersey.

Mtahiniwa, ukifanya jaribio ukaona jambo usilolitarajia, usilifute ili majibu yako yafanane na ya jirani. Liandike kama ulivyoliona, kisha ujiulize limetoka wapi.

Maswali ya marudio
1. Kwa nini fuwele za Pedersen zingeweza kutupwa?
2. Eleza jinsi etha taji inavyoiwezesha chumvi kuyeyuka katika benzini.
3. Linganisha ndani na nje ya etha taji na saiklodekstrini.