Maisha ya Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China

Mara hii tunawaletea maisha ya mtu wa Kenya. Majina ya Kenyatta na Kimathi yanajulikana sana huku kwetu. La Itote si sana. Lakini maisha yake yanagusa swali ambalo watu wa Fizi na Baraka wanaulizana tangu zamani za maki ya Hewa Bora hata siku hizi za Mai-Mai: mtu aliyetoka msituni na kuzungumza na adui yake, tumwiteje?

Waruhiu Itote alizaliwa mwaka 1922 katika wilaya ya Nyeri, upande wa kusini-magharibi wa mlima Kenya. Wazazi wake walikuwa wakulima Wagikuyu, naye alikua katika kazi za shamba. Masomo aliyopata yalikuwa machache. Akiwa bado kijana alikwenda Nairobi kutafuta maisha, akajaribu biashara, lakini kwa mtu mweusi wakati ule milango mingi ilifungwa.

Mwezi wa Januari 1942 akaingia jeshi la Waingereza, lile lililoitwa King's African Rifles. Walipelekwa kwa meli mpaka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha Burma kupigana na Wajapani. Ilikuwa vita ya matope, mvua na malaria. Tukumbuke kwamba Wakongomani nao walifika huko: hospitali ya vita kutoka Kongo ya Wabelgiji ilifuatana na askari hao wa Afrika ya Mashariki, na wauguzi wetu waliwafunga vidonda. Wengine wa Force Publique walikuwa wamekwisha kuwashinda Waitaliano kule Saio, Abisinia, mwezi wa Julai 1941. Basi habari ya Itote si ya mbali sana na ya babu zetu.

Mwenyewe aliandika baadaye kwamba kilichombadilisha huko si risasi bali ni mazungumzo. Askari mmoja Mwingereza alimuuliza Waafrika wanapigania nini hasa, maana yeye Mwingereza alikuwa na nchi yake ya kuilinda. Itote hakuwa na jibu. Wahindi nao walimuuliza wataomba nini vita ikiisha, kwa kuwa wao walikwisha kudai uhuru. Akakutana pia na askari mweusi wa Marekani, wakaongea juu ya hali ya watu weusi. Alikwenda vitani kwa ajili ya mshahara. Akarudi akiwa na cheo cha koplo na swali ambalo halikumwacha.

Huko Kenya serikali iliwapa askari Wazungu mashamba katika nchi ya juu yenye rutuba. Askari mweusi hakupewa shamba. Itote akapata kazi katika reli, kuchochea moto wa gari la moshi. Walioijua reli ya Kalemie zamani za mvuke wanafahamu kazi hiyo: moto usipungue, maji yasikauke, joto na moshi usoni tangu asubuhi, na juu yako yuko dereva anayepokea heshima yote. Ilikuwa kazi ya halali, naye aliifanya miaka kadhaa. Pembeni ya kazi aliingia chama cha siasa cha KAU, na mwaka 1950 akala kiapo cha wale walioitwa Mau Mau.

Mwaka 1952 akaingia msituni. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo serikali ikatangaza hali ya hatari. Kimathi aliongoza milima ya Nyandarua, Itote akaongoza mlima Kenya kwa jina la Jenerali China. Ujuzi alioupata Burma, wa kujificha, kupanga vikosi na kuishi kwa chakula kidogo, sasa aliutumia juu ya wale waliomfundisha. Tusifiche jambo: vita hiyo ilikuwa mbaya pande zote. Walowezi Wazungu waliouawa walikuwa 32 tu, lakini Waafrika walikufa kwa maelfu, wengine kwa mkono wa serikali, wengine kwa mkono wa ndugu zao.

Tarehe 15 Januari 1954 alipigwa risasi ya koo akashikwa. Afisa Ian Henderson, Mzungu aliyejua Kigikuyu vizuri kabisa, alimhoji kwa saa zaidi ya 60. Itote alisema mengi juu ya watu wake na mipango yao. Mahakama ya Nyeri ikamhukumu kunyongwa. Ndipo serikali ikamtaka awaandikie wenzake watoke msituni wazungumze, naye akakubali. Gavana Baring akaiondoa hukumu ya kifo, akabaki na kifungo. Wajumbe wa msituni walifika Nyeri mwisho wa Machi. Watu wakaanza kutumaini. Lakini mwanzoni mwa Aprili majeshi ya serikali yaliwapiga wapiganaji waliokuwa wamekusanyika, nao wakaona wametegwa. Mazungumzo yakafa, na tarehe 24 Aprili serikali ikaanza kuwakusanya watu wa Nairobi kwa makumi elfu na kuwapeleka kambini.

Wenzake wengi walimwita msaliti. Kwa maoni yetu, aliyoyasema mbele ya Henderson yaliwaumiza wenzake, na hilo haliwezi kufutwa. Lakini kuvunjika kwa mazungumzo si yeye aliyekusababisha. Kitanzi kilikuwa shingoni, koo lina jeraha. Tuliokaa nyumbani tusiwe wepesi kuhukumu.

Alifungwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana, pamoja na Kenyatta na wenzake. Hapo mtu wa masomo machache akapata shule yake: Kenyatta alimfundisha Kiingereza. Alifunguliwa mwaka 1962, akatumwa Israeli kusomea uafisa. Baada ya uhuru, aliwekwa mwaka 1964 kuwa mmoja wa wakubwa wa huduma ya vijana ya taifa, ambayo kwa Kiingereza huitwa National Youth Service. Kazi yake ikawa kuwashughulikia vijana wasio na kazi, wakijenga barabara, wakilima, wakijifunza ufundi. Alikaa huko miaka mingi. Mwaka 1967 alitoa kitabu cha maisha yake, Mau Mau General.

Alifariki mwaka 1993. Siku alipozikwa, Mau Mau bado ilikuwa imepigwa marufuku katika sheria za Kenya. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2003. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 walioteswa katika kambi zile.