Henri Matisse: Mchoraji Mgonjwa na Kikanisa cha Rozari

Katika mji mdogo wa Vence, kusini mwa Ufaransa, kipo kikanisa cha Masista Wadominikani kilichowekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Rozari. Aliyebuni karibu kila kitu ndani yake, tangu madirisha na altare hata kasula za padre, ni Henri Matisse, mchoraji ambaye kwa miaka mingi hakuwa mtu wa kushika dini.

Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1869 huko Le Cateau-Cambrésis, kaskazini mwa nchi hiyo, akakulia Bohain, mji wa wafumaji wa vitambaa. Alisomea sheria, akawa karani. Akiwa na umri wa miaka ishirini hivi aliugua kidole tumbo, na mama yake akamnunulia sanduku la rangi ili asichoke na kitanda. Habari za sheria zikaishia hapo. Alikwenda Paris akafundishwa na Gustave Moreau, na mwaka 1905 picha zake na za wenzake zilishtua watu kwa ukali wa rangi, hata wachoraji hao wakafananishwa na wanyama wa porini.

Vitambaa havikumtoka moyoni. Alivikusanya maisha yake yote, na katika chumba chake cha kazi vilitundikwa hata vile vya Wakuba wa Kongo, vilivyofumwa kwa nyuzi za majani ya mwale na kutiwa mapambo yasiyofuata mstari ulionyooka. Anayezitazama kazi zake za uzeeni ataona wazi kwamba hakuvitundika bure.

Mwaka 1941 alipasuliwa huko Lyon kwa sababu ya saratani ya tumbo, akapona kwa shida. Tangu hapo hakuweza kusimama kwa muda mrefu mbele ya turubai. Akaanza kuwaagiza wasaidizi wake wapake karatasi rangi, naye, akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu, akazikata kwa mkasi.

Mwaka uliofuata, akiwa Nice, alihitaji muuguzi wa usiku. Aliyekuja ni msichana aitwaye Monique Bourgeois. Alimtunza, tena akakubali kuchorwa naye, na urafiki wao ukawa kama wa babu na mjukuu. Kwa hiyo Monique alipomwambia kwamba anaingia utawa, mzee alikasirika, na walibishana sana. Hata hivyo, mwaka 1944 binti huyo aliingia kwa Wadominikani, akapewa jina la Sista Jacques-Marie, kisha akarudi Vence, karibu kabisa na nyumba ya Matisse.

Masista wa hapo walisali katika banda lililovuja. Mwaka 1947 Sista alimwonyesha mzee mchoro wa dirisha kwa ajili ya kikanisa kipya. Matisse aliichukua kazi yote, akaishughulikia kwa miaka minne. Picasso, rafiki yake, alimlaumu kwa kujenga nyumba ya sala ilhali hasali. Nao baadhi ya watawa walitilia shaka michoro ile.

Madirisha ni ya rangi tatu tu: njano, kijani na buluu. Kuta ni za vigae vyeupe, na juu yake, kwa mistari myeusi, amechorwa Mtakatifu Dominiko, na Bikira Maria akiwa na Mtoto, wote wakiwa na nyuso zisizo na macho wala kinywa. Aliijaribu michoro hiyo ukutani kwake kwa makaa yaliyofungwa kwenye mwanzi mrefu. Njia ya Msalaba, vituo vyote 14 katika ukuta mmoja, imechorwa kwa mistari mikali, kana kwamba mkono ulikuwa na haraka. Mwamini anayeiona kwa mara ya kwanza huenda asiipende. Mimi naona ndiyo sehemu yenye ukweli zaidi, kwani aliyeichora aliyajua maumivu.

Kasula alizibuni kwa karatasi zilizokatwa, kwa rangi zote za liturujia. Mtoto wa mji wa wafumaji alikuwa amerudi kwenye kitambaa.

Kikanisa kilitabarukiwa tarehe 25 Juni 1951 na Askofu Rémond wa Nice. Matisse hakuweza kuhudhuria, kwa kuwa afya haikumruhusu. Alikihesabu kuwa kazi kuu ya maisha yake. Alifariki Nice tarehe 3 Novemba 1954; Sista Jacques-Marie aliishi hadi mwaka 2005.