Mwenda Jean Bosco na Mahadhi ya Masanga

Katika wapiga gitaa wote waliopata kuimba kwa Kiswahili, ni wachache ambao vidole vyao vimewasumbua watu kama Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Ametutoka tangu Septemba 1990, lakini hata leo wako vijana wanaohangaika kuyapata mahadhi ya wimbo wake mmoja, Masanga, uzi kwa uzi na kidole kwa kidole. Kijana mmoja wa Kamenu, mjini Thika, aliniuliza habari ya mahadhi hayo, na nikaona kuwa swali lake haliwezi kujibiwa pasipo kuyajua maisha ya mwenye kuyapiga. Kwa hiyo leo, ndugu msomaji, nimekusudia kukusimulia maisha hayo, kisha nilirudie swali lenyewe.

Najua kuwa miongoni mwetu watu wa mwambao kuna kauli mbalimbali za mashekhe juu ya ala za nyuzi. Mjadala huo una wenyewe, nami si mmoja wao. Hapa nasimulia habari za mtu na elimu aliyokuwa nayo mkononi.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 katika nchi ya Bunkeya, kusini mwa Kongo. Mtu wa pwani akisikia jina hilo hana budi kusimama kidogo. Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mfanya biashara aliyetoka Unyamwezini katika karne ya kumi na tisa, akajifanyia dola kubwa kwa shaba, pembe za ndovu, na, tusifiche, kwa biashara ya watumwa pia. Watu wake wakaitwa Bayeke. Misafara yake ilifungamana na misafara ya watu wetu, na lugha ya misafara ilikuwa Kiswahili. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi hapo Bunkeya na maofisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Msafara huo ulianza safari yake ya bara kutoka pwani yetu, na wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Unguja. Jina la Mwenda ni jina la heshima walilolibeba watawala wa Bayeke tangu enzi za Msiri. Basi lugha aliyoiimbia huyu kijana wa Bunkeya ilifika kwao kwa miguu, ikitoka huku kwetu. Miaka sitini baadaye ikaturudia ndani ya santuri, imevaa gitaa.

Ujana wa Mwenda ulipita katika zama za migodi ya shaba. Wabelgiji walikuwa wamekusanya watu wa makabila mengi katika miji ya Elisabethville na Jadotville, ambayo leo tunaiita Lubumbashi na Likasi, na Kiswahili kikawa lugha ya watu hao wote. Gitaa lilikuwa chombo cha mjini. Mtu alilinunua kwa mshahara wake, akakaa kibarazani jioni na kulipiga kwa kujifurahisha yeye na jirani zake. Mwenda alisikia ngoma na nyimbo za kwao, akasikia santuri za Wacuba zilizokuwa zikienea Kongo nzima, akatazama sinema za wachunga ng'ombe wa Kimarekani wenye magitaa yao. Vyote hivyo vikaingia sikioni mwake, na alipovitoa tena mkononi vilikuwa vyake mwenyewe.

Mwaka 1952 alifika Jadotville Bwana Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka Afrika na mitambo ya kunasia sauti. Mwenda alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili hivi. Miongoni mwa nyimbo alizonaswa humo ni Masanga, na wimbo huo ukapata tuzo ya Osborn ya muziki wa Kiafrika kwa mwaka huo. Santuri zilichapishwa kwa chapa ya Gallotone, zikasambaa kusini na mashariki mwa Afrika. Huku kwetu hata asiyeshika maneno ya Mwenda, kwani Kiswahili cha Katanga kina ladha yake, alilishika gitaa lake.

Na gitaa hilo lilikuwa na nini? Mpigaji wetu wa udi hushika risha na kuchapa nyuzi kwa risha hiyo. Mwenda hakutumia risha. Alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, kidole gumba na kidole cha shahada. Kidole gumba kilishughulika na nyuzi nene za chini, kikitembea kwa mwendo wake kama mtu atwangaye. Kidole cha shahada kilizichezea nyuzi nyembamba, kikija mara pamoja na gumba, mara baina ya pigo na pigo. Msikilizaji aliyefumba macho angeapa kuwa magitaa ni mawili. Tena katika Masanga kipande hakirudi kama kilivyokwenda. Kila kinaporejea kimeongezwa kitu au kimepunguzwa kitu, ilhali mwendo wa chini haupotei.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alikuja Nairobi, akaletwa kuitangaza dawa ya Aspro kwa nyimbo, na sauti yake ikawa ikisikika redioni mara kwa mara. Nchi ilikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960, na watu wa Kiambu na Thika walikuwa wameonja uchungu wake kuliko wengi. Hakukaa muda mrefu, lakini alama aliyoiacha ni kubwa. Mwenziwe wa Katanga, Edouard Masengo, naye alikuja Kenya na kupata jina. Wapiga gitaa wa Kenya, hasa wa upande wa magharibi alikotoka marehemu George Mukabi aliyefariki mwaka 1963, walikuwa na mtindo wao wa vidole viwili, na kule kuwasikia Wakatanga kukawafanya wauzidishe ufundi.

Baada ya hapo dunia ya muziki iligeuka. Magitaa ya umeme na bendi kubwa zikashika miji, na mtu mmoja mwenye gitaa kavu akaonekana wa zamani. Mwenda alirudi Lubumbashi, akafanya kazi ya benki, akafanya kazi katika kampuni ya migodi ya Gécamines, akaongoza bendi, akamiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Mwaka 1969 alialikwa Marekani, akapiga katika tamasha la Newport. Serikali ya Mobutu ilipoamrisha mwaka 1972 kuwa watu waache majina ya Kizungu, yeye akajulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke, jina ambalo kwa hakika lilimkaa vyema zaidi. Mwaka 1988 alikwenda Afrika ya Kusini, akapiga Cape Town na Johannesburg, na huko Cape Town akarekodi upya. Miaka miwili baadaye, Septemba 1990, ajali ya gari nchini Zambia ikamaliza maisha yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini.

Sasa tulirudie swali la Kamenu. Nilikwenda huko kwa harusi ya jamaa zangu. Thika ni mji wa viwanda na mananasi, na mtaa wa Kamenu umejaa watu waliotoka kila pembe ya nchi kutafuta riziki. Baada ya shughuli za harusi alinijia kijana mmoja na gitaa lake na karatasi tatu mkononi. Zilikuwa za yale maandishi ambayo wenyewe wanayaita tabu, na jina nadhani limesibu. Huchorwa mistari sita, kila mstari ni uzi mmoja wa gitaa, na juu ya mistari hiyo huandikwa tarakimu za kuonyesha kidole kibane wapi katika vile vyuma vinavyoikata shingo ya gitaa. Asiyejua noti anaweza kuisoma karatasi hiyo na kupiga. Karatasi zote tatu zilikuwa za Masanga, zimeandikwa na watu watatu, na hazikukubaliana. Kijana alitaka nimwambie ipi ni ya kweli, kwa kuwa alisikia kuwa mimi ni mtu wa kufukua mambo ya kale.

Nilimweleza kwanza kuwa watu wametaabika kuliandika gitaa hili tangu zamani. Bwana David Rycroft, mwalimu wa chuo kikuu huko London, aliketi na santuri za Mwenda akizisikiliza kipande kwa kipande, akaziandika kwa noti, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1961 na 1962 katika jarida la muziki wa Kiafrika lililoasisiwa na Tracey. Hata kichwa cha maandishi yake kilitaja ubunifu wa papo kwa papo, kwani ndivyo alivyoyaona mapigo hayo. Baadaye John Low, naye Mwingereza, hakutosheka na santuri. Alifunga safari mpaka Lubumbashi, akakaa mbele ya Mwenda na wenziwe kujifunza, na mwaka 1982 akatoa kitabu cha safari hiyo. Mwaka huo huo akachapisha historia ya gitaa la Kenya tangu 1945 hadi 1980.

Tazama tofauti ya watu hawa wawili. Mmoja aliandika alichokisikia. Wa pili alikwenda kuuona mkono. Kwa sisi tuliopitia chuoni, tofauti hiyo haihitaji maelezo marefu. Sifananishi, hasha, maneno ya Mwenyezi Mungu na uzi wa gitaa; nafananisha njia ya kujifunza tu. Mtoto hupewa juzuu mkononi, lakini hahesabiwi kuwa amesoma mpaka akae mbele ya mwalimu, mwalimu amsikilize, amrudishe pale herufi ilipotoka pasipo pake. Na inasimuliwa kuwa Sayyidna Uthman alipopeleka misahafu katika miji, alipeleka pamoja nayo wasomaji. Hali kadhalika tenzi zetu. Al-Inkishafi imeandikwa, yeyote aweza kuisoma, lakini mahadhi ya kuisomea hayamo katika karatasi. Yamo vinywani mwa waliopokea kwa wazee wao.

Basi nilimwambia kijana kuwa karatasi zake tatu zaweza kuwa za kweli zote. Mwenda alipiga Masanga mwaka 1952 akiwa kijana, akaendelea kuipiga mpaka uzeeni, na hata ndani ya santuri moja hakurudia kipande sawasawa. Kila mwandishi alidaka kipande alichokidaka, kama watu watatu waliochota maji katika mto mmoja mahali mbalimbali. Anayetaka karatasi moja iliyo sahihi na nyingine ziwe batili, anatafuta kitu ambacho Mwenda mwenyewe hakuwa nacho.

Hata hivyo sikumwambia azitupe. Asingekuwa na karatasi, angeanzia wapi, na Mwenda yuko kaburini, na Kamenu haina mzee wa kumwonyesha? Nilimwambia aanze na sikio. Aisikilize sauti ya 1952 mpaka aweze kuiimba kwa mdomo bila gitaa. Kisha afundishe kidole gumba peke yake, siku nyingi, mpaka kitembee bila kufikiriwa. Hapo ndipo akifungulie njia kidole cha shahada, na karatasi iwe ya kumkumbusha mahali alipopotea. Alisikiliza kwa adabu, ingawa niliona kuwa alitarajia jibu fupi zaidi.

Habari hii imenifikirisha juu ya kwetu. Santuri za Tracey ziko salama katika maktaba ya muziki aliyoiasisi mwaka 1954, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Mwenda alipata wa kumnasa, akapata wa kumwandika, akapata na wa kwenda kukaa miguuni pake. Wote watatu walikuwa wageni. Sisi tulioielewa lugha yake tulicheza na kupiga makofi. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 pamoja na wapigaji wake, na sauti zimebaki. Lakini ni wangapi leo wanaojua jinsi mkono wa mpiga udi wake ulivyokwenda? Tulidhani kuwa sauti ikishanaswa basi kila kitu kimehifadhiwa.

Wazee wanaopiga udi, fidla na ganuni wangali wako Unguja, Mombasa, Lamu na Tanga, ingawa wanapungua kila mwaka. Kijana wa Kamenu alifika mwisho wa njia, mwenye mkono hayupo, akalazimika kushika karatasi za watu. Wetu sisi bado tunaweza kuwabishia hodi mlangoni, tukakaa mkekani na kuwatazama vidole. Mwenye kijana nyumbani anayependa mambo haya na ampeleke wiki hii, asingoje sikukuu.