Nabii Yahya na Swali Lake Gerezani

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hii ni khabari fupi ya Nabii Yahya bin Zakaria, alaihi salaam, ambaye Wakristo humwita Yohana Mbatizaji. Twaiandika ili ndugu zetu wajue kuwa swali la Masihi halikuanzwa na wapinzani wake. Limo ndani ya Injili zenyewe, na aliyeliuliza ni yule yule aliyembashiri.

Alizaliwa babake akiwa mzee na mamake tasa. Qurani yatufunza kuwa alipewa jina asilopewa mtu kabla yake, na hekima angali mtoto. Alipokuwa mtu mzima alikaa jangwani, nguo yake singa za ngamia, chakula chake nzige na asali. Katika mwaka wa 15 wa Kaisari Tiberius, yaani kama mwaka 28 au 29 wa Miladi, alisimama kando ya mto Yordani akiwaita watu watubu.

Zama hizo Mayahudi walikuwa chini ya Warumi, na wengi wao walitaraji mfalme wa ukoo wa Daudi atakayewaokoa kwa upanga. Magombo ya ngozi yaliyovumbuliwa Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, tangu mwaka 1947, yataja watu waliongoja nabii pamoja na masihi wawili. Nayo Injili ya Yohana yasema makuhani walitumwa kumwuliza Yahya kama yeye ni Masihi, au Ilyas, au yule Nabii; akakana kuwa yeyote katika hao. Tazama basi, ndugu yangu: waliongojewa walikuwa watatu. Na wanavyuoni wetu wamefahamu kuwa huyo wa tatu ni Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie.

Kisha Yahya akamkemea Herode Antipa, mtawala wa Galilaya, kwa kumwoa mke wa nduguye. Akafungwa, Josephus, mwandishi wa Kiyahudi, asema ni katika ngome ya Machaerus. Kwa khabari ya Mathayo na Luka, akiwa kifungoni aliwatuma wanafunzi wake wakamwulize Isa kama yeye ndiye ajaye au wamngoje mwingine. Isa hakujibu kwa kutaja cheo. Aliwaonyesha vipofu waliopata kuona, wakoma waliotakasika na maskini waliohubiriwa. Wala hakumlaumu mwulizaji, bali alimsifu mbele ya watu.

Wakristo wamekhitalifiana hapa. Tertullian wa Carthage alishika kuwa Yahya aliona shaka. Yohana Krisostomo alishika kuwa aliuliza kwa ajili ya wanafunzi wake. Kauli hii ya pili ndiyo inayoelekeana na itikadi yetu juu ya Manabii.

Herode akamkata kichwa, na ndani ya Msikiti wa Bani Umayya huko Damascus liko kaburi linalosemwa kuwa la kichwa hicho. Lakini swali halikuzikwa naye: hata leo Wasabai wa Iraq humtukuza Yahya na kumkataa Isa.

Nasi pia, ndugu zangu, twangoja kuteremka kwake Isa. Tusimvike sura ya matamanio yetu, wala tusimfuate kila mwenye kudai cheo. Asiyejua na amwulize ajuaye, kisha atazame matendo. Wallahu aalam.