Vincenzo Lancia: Aliyeyapa Magurudumu Uhuru Wake

Vincenzo Lancia alizaliwa mwaka 1881 katika kijiji cha Fobello, kaskazini mwa Italia. Baba yake, mwenye kiwanda cha vyakula vya makopo, alitaka mwanawe awe mtunza hesabu. Kijana akaajiriwa kwa kazi hiyo katika karakana moja mjini Turin, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mashine. Karakana hiyo iliponunuliwa na Fiat mwaka 1899, Lancia akawa mjaribu magari, kisha dereva wa mashindano.

Mwaka 1905 alikwenda New York kushindania Kombe la Vanderbilt. Akiwa anaongoza kwa mbali, aligongana na gari la Mmarekani Walter Christie, akamaliza wa nne. Askari wa vifaru watalikumbuka jina hilo: ndiye Christie ambaye baadaye alibuni namna ya kulipa kila gurudumu la kifaru springi yake, mtindo uliotumika katika kifaru mashuhuri T-34. Lancia naye angefika kwenye wazo la jamii hiyo kwa njia yake mwenyewe.

Mwaka 1906 alianzisha kampuni yake pamoja na Claudio Fogolin. Katika Vita Kuu ya Kwanza, chesisi zake zilibeba magari ya deraya ya jeshi la Italia.

Siku hizo magari karibu yote yalikuwa na ekseli moja nzima mbele. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, ekseli yote huinama, na gurudumu la kulia huinama pamoja nalo. Mwendo ukiwa mkubwa, magurudumu huanza kupepesuka, na usukani hutetemeka mikononi mwa dereva. Inasimuliwa kwamba Lancia alikuwa akisafiri na mama yake kwa gari, springi ya mbele ikavunjika, nusura waache njia. Tangu hapo hakuiamini tena ekseli ile.

Akamwagiza mchoraji wake, Battista Falchetto, atafute njia nyingine. Tunda lake lilikuwa gari la Lambda, lililoonyeshwa mwaka 1922. Ekseli ya mbele iliondolewa kabisa. Kila gurudumu lilipewa nguzo yake ya wima, na ndani yake springi pamoja na mafuta ya kutuliza mshindo. Gurudumu lilipanda na kushuka bila kulisumbua mwenzake, na usukani ukatulia.

Mtindo huo ulikuwa na upungufu wake. Gari likilalia upande katika kona, magurudumu nayo hulala, na tairi hupunguza kushika barabara. Lancia alipambana na hilo kwa kulishusha gari: bodi na chesisi vilikuwa kitu kimoja kama mwili wa mashua, na abiria walikaa chini kuliko ilivyokuwa desturi. Hivyo Lambda, lenye injini ya lita 2 na zaidi kidogo tu, lilisifiwa kwa utulivu katika barabara za milimani. Hadi mwaka 1931 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 11,000.

Lancia alifariki ghafla tarehe 15 Februari 1937, akiwa na umri wa miaka 55, wakati gari lake la mwisho, Aprilia, lilipokuwa linaanza kutoka kiwandani. Aliwaachia madereva wa baada yake funzo moja: nguvu ya injini haimfai mtu ambaye magurudumu yake ya mbele hayamtii.