Richard Böhm: alipita Mpala, jina lake likabaki kwenye miti

Ukitaja Mpala, watu wengi wanafikiri mara moja juu ya Storms, Mapadri Weupe ao Kapiteni Joubert. Lakini kuko mzungu mwingine aliyepita pale mwaka 1883, ambaye hakuacha boma wala kanisa. Ni Richard Böhm. Jina lake liko mpaka leo katika vitabu vya miti na vya ndege, tena kwa mti mmoja wenye kuota kwa wingi katika mapori yetu ya miombo.

Böhm alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 1 Oktoba 1854. Alisomea elimu ya wanyama, na kule Jena alikuwa mwanafunzi wa Ernst Haeckel, mwalimu mwenye sifa kubwa Ulaya. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa juu ya yavuyavu, vile vinyama laini vya bahari vyenye kufanana na mwavuli wa kioo. Elimu hiyo ilikuja kumfaa mbali sana na bahari.

Mwaka 1880 Shirika la Kijerumani la Afrika lilimtuma huku kwetu pamoja na Paul Reichard, Emil Kaiser, ambaye kazi yake ilikuwa kupima nyota, na kapiteni von Schoeler. Walitoka Zanzibar kwa miguu mpaka Kakoma, upande wa Tabora. Schoeler alirudi kwao. Kaiser alikufa mwaka 1882 karibu na ziwa Rukwa. Böhm na Reichard wakaendelea.

Kazi ya Böhm ilikuwa ya kila siku: kupiga ndege na kukausha ngozi yake, kukata tawi lenye majani na maua, kulikandamiza katikati ya karatasi, kuandika pahali na tarehe. Alisomea wanyama, lakini mimea pia aliikusanya. Mizigo ilienda Zanzibar kwa vichwa vya wapagazi, kisha Berlin kwa meli. Kule wenye elimu waliangalia na kutoa majina. Njo vile tuko na ndege wadogo wanaoitwa boehmi, na aina ya punda milia vilevile.

Mwaka 1883 alifika Tanganyika. Hakuwa mtazamaji tu: upande wa Karema aliingia katika mapigano, akapigwa risasi ya mguu. Katika mwaka huo aliona kitu ndani ya maji ya ziwa ambacho mtu mwingine angepita bila kusimama: yavuyavu ndogo, katika maji yasiyo na chumvi! Mwaka 1893 Mwingereza Günther alikiandika kinyama kile kwa jina la ziwa letu, Limnocnida tanganyicae. Wenye elimu wakaanza kubishana: je, Tanganyika ilikuwa zamani mkono wa bahari? Safari za Moore, kuanzia 1895, zilifanywa juu ya swali hilo. Leo inajulikana kwamba ziwa halikuwa bahari, lakini swali lilifungua mlango wa kulisoma vizuri.

Toka Karema, Böhm na Reichard walivuka mpaka Mpala. Storms alikuwa ameanzisha kituo pale mwezi wa Mei 1883, kwenye mdomo wa mto Lufuko. Mwezi wa Septemba wakaingia safari ya Katanga. Tarehe 27 Machi 1884, karibu na ziwa Upemba, homa ilimuua Böhm. Alikuwa na miaka 29. Reichard akarudi Tanganyika mwisho wa mwaka ule. Barua za marehemu zilitolewa katika kitabu mwaka 1888.

Tusisahau ule wakati ulikuwa wa namna gani. Mwezi wa Desemba 1884 askari wa Storms walimuua chifu Lusinga, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji kama kitu cha kukusanya. Böhm alikuwa amekwisha kufa, haikuwa kazi yake. Lakini barabara iliyobeba majani na ndege ilibeba pia fuvu la mtu. Na wapagazi, wawindaji, wale walioonyesha mti gani uko na faida gani, hakuna jani lililopewa jina lao.

Mwaka 1895 Taubert, wa Berlin, alitoa jina Brachystegia boehmii. Ni ule muombo wenye majani madogo-madogo yaliyopangwa kama manyoya ya ndege, unaotoa majani mekundu mbele ya mvua ya kwanza. Ganda lake linatoa kamba ya nguvu, maua yake yanalisha nyuki. Wakubwa wetu walijua hayo yote mbele ya Böhm.

Mwezi wa Machi 1943, katika vita, mabomu yaliangukia nyumba ya mimea ya Berlin. Sehemu kubwa ya majani yaliyokusanywa kwa miaka mingi iliungua usiku mmoja. Karatasi ziliungua, lakini miti yenyewe ilikuwa ingali inasimama huku, na mtu angeweza kurudi kukata tawi lingine.

Siku ya leo moto uko upande wetu. Miombo inakatwa ili kuchoma makala, na gunia za makala ziko kila soko. Hatuwezi kumlaumu mama anayepika, juu hana kitu kingine. Lakini mwenye kukata anaweza kuacha miti ya mbegu, na kuchunga machipukizi ya kisiki, maana muombo unachipuka tena kama moto wa pori hauupigi kila mwaka. Na watoto wetu wa shule wangeandika katika daftari jina la mti kwa lugha ya nyumbani, kando ya lile la Böhm, kuliko kungoja mtu atoke tena Berlin kuliandika.