Daktari mwenye kigugumizi aliyewasikiliza askari wasiolala

Mama mmoja aliniletea kijana wake wa miaka 11. Miezi mitatu kabla, bodaboda aliyopanda mtoto iligongwa na lori na dereva akafariki mbele ya macho yake. Mtoto alipata michubuko tu. Lakini tangu siku ile halali bila taa, honi ikipigwa anaruka, na shuleni ameanza kurudi nyuma. Mama alikuwa amefanya kila alichoweza: amemkataza kulizungumzia jambo lile, amewakataza na ndugu zake, na likikaribia kutajwa anaongeza sauti ya runinga. Akaniuliza kama kuna dawa ya kumsahaulisha.

Ndugu msomaji, mama yule si wa kulaumiwa. Nilipokuwa daktari mgeni wodini, mimi pia niliwaambia wagonjwa wajitahidi kusahau, na niliona nimewasaidia. Aliyenionyesha kosa langu ni daktari Mwingereza aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wiki hii nakusimulia habari zake, kwa sababu mengi tunayowafundisha leo watu wenye kiwewe, hata katika madarasa ya yoga, yanafanana na yale aliyoyatambua yeye.

Aliitwa William Rivers, alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la Kent. Baba yake alikuwa mchungaji, na pia aliwatibu watu wenye kigugumizi. Ajabu ni kwamba mwanawe huyu alikuwa na kigugumizi, na hakikumtoka hadi anaingia kaburini. Kuna jambo jingine alilolieleza mwenyewe ukubwani: hakuweza kabisa kuiona akilini ghorofa ya juu ya nyumba waliyohama akiwa na miaka mitano. Ya chini aliikumbuka. Alishuku kwamba kule juu kuna kitu kilimpata, na akili yake ikafunga mlango. Kilikuwa nini, hakujua kamwe.

Alisomea udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, London, akamaliza mwaka 1886 akiwa kijana mdogo mno. Akawa tabibu wa melini, kisha mwalimu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1898 alisafiri na wenzake hadi visiwa vya Torres Strait, kati ya Australia na New Guinea, kupima jinsi wenyeji wanavyoona na kusikia, na tangu hapo akapenda kuchunguza maisha ya watu wa mbali. Miaka michache baadaye rafiki yake, Dk Henry Head, alikubali kukatwa mshipa wa fahamu mkononi ili Rivers apime namna hisia zinavyorudi. Kwa takriban miaka minne aliuchomachoma mkono ule kwa sindano na kuugusa kwa pamba. Leo kamati ya maadili ingetufukuza sote wawili na nusu ya kitivo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, hospitali za Uingereza zikajaa wanajeshi ambao hawakuwa na jeraha la kuonekana. Wapo waliopoteza sauti. Wengine walitetemeka, hawakuweza kutembea, au walipiga kelele usingizini. Walipachikwa jina la watu walioathiriwa na mshindo wa makombora, na wakuu wengi waliwaona waoga. Katika hospitali moja ya London, askari waliokuwa bubu waliwekewa umeme kooni mpaka waseme. Baadhi walisema kweli, lakini mtu aliyevunjwa na jambo asiloweza kulikimbia alikuwa amefungiwa tena katika jambo jingine asiloweza kulikimbia.

Mwaka 1916 Rivers, akiwa na miaka 52, alipelekwa Craiglockhart, hospitali ya maafisa wa jeshi pembeni mwa Edinburgh, Scotland. Zamani jengo lile lilikuwa mahali pa matajiri kujitibu kwa maji. Mchana palionekana pa starehe: wagonjwa walicheza gofu, waliogelea, walilima bustani. Usiku korido zilijaa vilio.

Aligundua kwamba karibu kila mgonjwa amepewa ushauri uleule na madaktari, wake na wazazi: usifikirie vita, fikiria mambo mazuri. Nao walijitahidi kwelikweli. Mchana walishinda, ila jua likizama, kila walichokisukuma kilirudi kwa nguvu zaidi. Desemba 1917 alisimama mbele ya madaktari wenzake London, na kigugumizi chake, akaeleza kwamba ugonjwa mara nyingi hauletwi na tukio peke yake, bali pia na juhudi za kulizika likiwa hai.

Ngoja nikupe mgonjwa mmoja kati ya aliowaeleza siku ile. Afisa alikwenda kumtafuta rafiki yake na kuukuta mwili umesambaratishwa na kombora. Kila usiku aliuona. Rivers hakumwambia asahau, wala hakumlazimisha arudie kuusimulia. Alimwonyesha upande ambao hakuwa ameufikiria: kwa hali ile ya mwili, rafiki yake alikufa papo hapo, hakupata muda wa kuteseka. Siku kadhaa zikapita bila ndoto. Kisha akaota tena, yupo pale pale, lakini safari hii alipiga magoti kando ya rafiki yake na kuanza kukusanya vitu vyake ili avipeleke kwa ndugu. Aliamka akilia kwa majonzi ya kawaida, hofu ikiwa imeondoka.

Mgonjwa mwingine, ambaye mimi humfikiria zaidi, alirushwa na mlipuko akaangukia uso kwenye maiti iliyokuwa imeoza. Sitaeleza zaidi, maana watoto nao husoma gazeti. Rivers alitafuta upande wenye nafuu katika kumbukumbu hiyo asiupate, na hakutunga uongo. Mgonjwa mwenyewe alikuwa ameshaona kwamba akikaa shambani, mbali na kila kinachomkumbusha vita, anapata ahueni. Basi ikaonekana bora aondoke jeshini, arudi kwenye mazingira hayo. Daktari aliyeamini sana mazungumzo alikubali kwamba kwa mtu huyu mazungumzo si njia.

Hapo ndipo ninapowaambia wazazi: usimzuie mtoto kusema, na usimlazimishe kusema. Kaa naye. Akianza, sikiliza, akinyamaza, mwache anyamaze mkiendelea kukoroga uji. Kwa walio kama yule afisa wa pili, mwili unaweza kuwa mlango mwingine, na ndiyo maana siku hizi kuna yoga iliyopangwa kwa ajili ya watu wenye kiwewe. Si ile ya kujikunja kama samaki mkavu. Mwalimu anaalika, haamrishi. Hamgusi mtu bila ruhusa. Hakuna anayelazimishwa kufumba macho, kwa sababu kuna watu ambao tukio lote limewangoja nyuma ya kope. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 uliwafuatilia wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu. Baada ya wiki 10, zaidi ya nusu ya waliofanya yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa, wakati kwa wale waliopewa mafunzo ya afya tu ilikuwa takriban mmoja kati ya watano. Ni utafiti mdogo, na yoga haichukui nafasi ya tiba. Lakini nimeona inavyosaidia.

Yule kijana wa bodaboda tulianza naye hivi: aketi, nyayo zote mbili sakafuni, atazame vitu vitano chumbani na kuvitaja, kisha atoe pumzi polepole kuliko alivyoiingiza, mara chache tu. Akijisikia vibaya, anaacha, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Ruhusa hiyo ya kuacha ni sehemu ya dawa, kwani siku ya ajali hakuwa na uwezo wa kusimamisha chochote. Kama dalili za mwanao zimezidi mwezi mmoja, au anazungumzia kufa au kujidhuru, usingoje mazoezi. Mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo.

Simsifu Rivers kama malaika. Kazi aliyolipwa kuifanya ilikuwa kuwaponya watu ili warudi kupigana, na jambo hilo lilimtesa. Julai 1917 aliletewa Siegfried Sassoon, mshairi na afisa mwenye nishani ya ushujaa, aliyetangaza hadharani kwamba vita inarefushwa kwa makusudi. Badala ya kumshtaki, walimwita mgonjwa. Rivers hakuona ugonjwa. Walikutana karibu mara tatu kwa wiki, wakazungumza, na mwishowe Sassoon akachagua kurudi vitani. Aliokoka. Wilfred Owen, mshairi mwingine aliyetibiwa hospitali hiyohiyo na daktari mwingine, aliuawa Novemba 4, 1918, wiki moja kabla ya bunduki kunyamaza.

Vita hiyo ilifika na kwetu. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliobeba mizigo porini kwa njaa, malaria na kuhara, na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Kila nipitapo sokoni pale huwaza waliorudi walilalaje usiku.

Rivers mwenyewe alikufa kwa ugonjwa ambao leo tunaupasua kila wiki. Juni 1922, usiku, akiwa peke yake chumbani chuoni Cambridge, ngiri ilibana utumbo wake. Alikutwa asubuhi, akapasuliwa, wakawa wamechelewa. Alifariki Juni 4, akiwa na miaka 58. Nawe ukiwa na ngiri, ikaanza kuuma ghafla, ikakataa kurudi ndani na ukatapika, nenda hospitali usiku huohuo.

Miaka 14 baadaye Sassoon alitoa kitabu kuhusu siku zile. Alijibadilisha jina mwenyewe, akabadilisha na ya wenzake. La Rivers aliliacha kama lilivyo.